Matunda ya Wageni wa Bi Kuruthum

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliosema hivyo hawakuwahi kuingia nyumbani kwa Bi Kuruthum pale Ibra, ambako kila mgeni aliyevua viatu mlangoni alimwongezea mwenyeji sababu moja ya kufa. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Walikuwa majirani na jamaa waliosikia kuwa goti linamsumbua hata hatoki nje, wakaja kumjulia hali. Na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, walikuja na matunda. Ndizi mbivu, machungwa, maembe, makomamanga ya Jabal Akhdar, tende za katoni. Wakayatua ukumbini, wakamwombea shifaa, wakanywa kahawa vikombe vitatu vitatu, wakaenda zao.

Hapo ndipo kazi ya Safa ilipoanza. Safa alikuwa mke wa Wadhah, mwana wa pekee wa kiume wa Bi Kuruthum, na tangu baridi iliyopita kazi yake kubwa katika nyumba ile ilikuwa kuyaondoa matunda kabla mama mkwe wake hajayafikia.

Maana goti la Bi Kuruthum lilikuwa zima kabisa. Kilichochoka ni figo. Jumapili, Jumanne na Alkhamisi, alfajiri, Safa alimpakia garini akampeleka hospitali, na mama mkwe akalala saa nne nzima ubavuni mwa mashine inayomtoa damu, ikamsafishia, ikamrudishia. Mikono mirefu ya kanzu ilificha uvimbe wa sindano. Mtaalamu wa chakula aliwakalisha wote watatu, mgonjwa, mwanawe na mkaza mwanawe, akawaeleza kwamba ndani ya matunda na mboga mna chumvi isiyoonjeka kwa ulimi. Figo nzima huitoa. Figo iliyochoka huiacha ikusanyike, na ikizidi husimamisha moyo bila ya kupiga hodi. Kwa hivyo ndizi hapana, chungwa hapana, tende, embe, komamanga, tungule, hapana. Mbatata zimenywe, zikatwe vipande vidogo, zichemshwe mara mbili, na maji yamwagwe. Tufaha sawa, zabibu chache, kipande cha nanasi, tango. Na muda wa kuogopwa zaidi, alisema, ni baina ya Alkhamisi na Jumapili, kwa sababu hapo siku mbili nzima zinapita bila ya mashine.

Watu wote waliojua habari hii walikuwa ni hao watatu tu, na tabu yote ya Safa ilitoka hapo.

Alkhamisi moja walirudi kutoka hospitali wakakuta katoni ya ndizi imewekwa mlangoni.

"Nani kaleta hizi?" aliuliza Bi Kuruthum, akishika ukuta.

"Jirani, Mama. Katukosa."

"Mashallah, nzuri. Hebu nipe moja."

"Mama."

"Nusu, basi."

"Mama, ndizi hii hapana. Daktari kasema."

"Daktari ana mama yake, akamnyime yeye." Bi Kuruthum alikaa juu ya kiti cha barazani akazitazama zile ndizi kwa uchungu wa kweli. "Mimi nimekulia Malindi, Unguja. Kwetu mkungu ulitundikwa ukumbini, apitaye anachuma. Leo nimekuja kuzeeka huku nahesabiwa ndizi na mtoto ambaye hilo neno ndizi nimemfundisha mimi."

Safa alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Alipoolewa hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na matusi mawili. Bi Kuruthum ndiye aliyemkalisha jikoni akamtajia kitu kimoja kimoja mpaka ulimi ukalainika. Aliiinua katoni akaitia kwenye buti la gari, akarudi kukaa karibu yake.

"Mama, tumwambie wifi Tamima. Kila wiki anatuma kitu kutoka Sur. Nitaficha mpaka lini?"

Uso wa mama mkwe ulibadilika. "Tamima akijua leo, kesho yuko juu ya meza anapasuliwa anipe figo yake. Namjua, nimemzaa. Wadhah wamempima, ana presha, wamemkataa. Aliyebaki ni yeye. Nilimpeleka mwanangu Asila kwenye meza kama hiyo, ana miaka kumi na tisa, tumbo tu lilimuuma, nikarudishiwa maiti. Sitoi wa pili, Safa. Bora nife na mashine yangu. Nipe ahadi yako."

"Nilikwisha kukupa, Mama."

"Nipe tena."

Safa akampa tena. Halafu akaendesha mpaka Mudhaibi, kwa mama yake mzazi, akazishusha zile ndizi. Angezipeleka wapi kwengine? Kuwagawia majirani haiwezekani, majirani ndio walioleta. Kutupa neema ya Mungu jaani hakuthubutu. Na tuseme kweli yote: alipomwona mama yake akizipanga kwenye sinia na wadogo zake wakizigombania, moyo wake ulifurahi kidogo, na hiyo furaha ilimtia wasiwasi njia nzima ya kurudi.

Alipofika nyumbani alikuta sauti ya Tamima kwenye simu. "Wifi, kesho baada ya sala ya Ijumaa nakuja na mama mkwe wangu, Bi Shamsa. Yeye atarudi jioni, mimi nalala mpaka Jumapili. Na nina maneno na wewe."

* * *

Ijumaa asubuhi Safa alikuwa sokoni kabla wauzaji hawajamaliza kupanga. Mgeni wa Oman hupokewa kwa matunda kwanza, kahawa baadaye. Sinia hutiwa katikati, watu wakakaa kulizunguka, na hakuna anayenyosha mkono mpaka mkubwa wa pale aanze. Mkubwa wa nyumba ile ni Bi Kuruthum. Asipoanza yeye, wageni watakaa na mate yao mdomoni, na hiyo ni fedheha. Basi hila ya Safa ilikuwa moja: sinia lote liwe la vitu anavyoweza kula. Mkono wake uangukie popote, usiangukie kwenye kifo.

Alichagua tufaha moja moja, akilibonyeza kwa dole gumba karibu na kikonyo, akiyaacha yaliyolainika. Zabibu alizinyanyua kwa shina akazitikisa, zilizopukutika alizirudisha. Nanasi alilinusa chini. Mwenye duka, Bwana Mkadam, mzee wa Kibalushi aliyemzoea, alimsogezea ndizi.

"Leo pia huchukui? Na komamanga za jabali zimefika usiku."

"Leo pia."

"Nyumba ina wageni kila siku, na wewe unanunua kama mtu wa rejimu anayejinyima kula," mzee alisema, akamcheka. Safa akalipa riyali tatu na ushei kwa matunda aliyoweza kuyapata bure barazani kwake kama yangekuwa ya namna nyengine. Wadhah alikuwa ameshamwuliza mara mbili kuhusu fedha hizi. Wadhah alikuwa mnyoosha mabati katika gereji ya Firq. Wiki nzima hulala huko huko, Ijumaa na Jumamosi ndizo zake za nyumbani, na kila jambo alitaka lingoje mpaka aondoke.

Nyumbani alikata nanasi, akayaosha matufaha akayaacha mazima, kwa kuwa tufaha lililokatwa mapema hubadilika rangi na wageni hudhani ni la jana. Akalichonga tango kwa urefu. Alipolitazama sinia aliona limependeza, jekundu na kijani na manjano. Akaona pia kwamba halina ndizi hata moja, na mtu yeyote mwenye macho ataliona hilo.

Tamima alikuwa na macho. Aliingia na ukubwa wake wote na manukato yake, akambusu mama yake kichwani na mikononi, na nyuma yake dereva akashusha katoni mbili. Bi Shamsa, mama mkwe wake, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu ambayo watu wa Sur waliiogopa kuliko makelele.

"Shikamoo, Mama," Safa alimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Akakaa. Akalitazama sinia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mashallah. Tufaha."

"Na nanasi," alisema Safa.

"Naona."

Bi Kuruthum akanyosha mkono, akatwaa tunda la zabibu, akasema bismillahi. Hila ilikuwa imefaulu. Ilifaulu kwa muda wa zabibu tatu.

"Ngojeni," alisema Tamima. Akaipasua katoni yake kwa kisu cha matunda, akaanza kupanga juu ya sinia la Safa ndizi, machungwa na makomamanga mpaka matufaha yakazama chini. Pembeni akatua sahani ya tende. "Hivi ndivyo mgeni anavyowekewa. Sasa, wifi, kaa. Juzi nilikuwa kwenye tanzia Mudhaibi. Nimekutana na mama yako."

Safa akakaa, akaanza kuyarudisha matufaha juu ya sinia.

"Kanishika mikono miwili kanishukuru. Kwa ndizi! Ndizi zipi, Mama, nikamwuliza. Akasema zile unazompelekea mama yako, Safa anatuletea katoni nzima nzima, Mungu akuzidishie. Mbele za watu. Nikasema amin, nifanye nini? Nikabaki najiuliza: mimi natuma matunda kwa mama yangu mgonjwa, yanalika Mudhaibi?"

Maskini mama yake, na adabu yake! Angenyamaza tu. Lakini mtu aliyelelewa vizuri hawezi kula cha mtu asimshukuru, na shukurani yake ndiyo iliyomvua mwanawe nguo.

Safa alimtazama mama mkwe wake. Bi Kuruthum alitikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha kuonwa na mmoja tu.

"Nilidhani yataharibika," alisema Safa.

"Wasichana wa siku hizi wana hesabu zao," Bi Shamsa alisema taratibu, akichukua kipande cha tango.

Tamima akamenya ndizi. Akaimenya yote, akaikata, akampa mama yake vipande juu ya kiganja, naye akangoja. Tunda lililomenywa kwa ajili yako mbele ya wageni halirudishwi. Kulirudisha ni kumrudisha aliyelimenya. Bi Kuruthum akalipokea. Safa hakujua mkono wake umekwenda lini, alijikuta tu amemshika kifundo.

"Mama, tafadhali. Chukua tunda hii ya tufaha."

"Tazameni!" Tamima alisema. "Anamtoa mama yangu tonge mdomoni, na mimi nipo!"

Bi Kuruthum alimtazama Tamima, akamtazama mkwewe mwenziwe, akaona kwamba Safa akiendelea kumshika swali litafuata, na swali litaleta jengine. Akachagua.

"Niachie mkono wangu," alimwambia Safa, "mwana wa watu."

Safa akauachia. Bi Kuruthum akala ndizi yote. Kisha akala nusu chungwa, na tende mbili za kahawa, na kila alipotafuna alisema tamu, tamu, Mungu akupe, Tamima. Na tusimsingizie kwamba alikuwa akiigiza tu: miezi minane hakuonja, na utamu ule ulimtoa machozi.

Jikoni, Safa alimwita Wadhah kutoka kwenye majlisi, chumba cha wageni wanaume. Alimweleza kwa kunong'ona, kwa Kiarabu, akikunja na kukunjua taulo la vyombo.

"Mwambie dada yako. Mimi nimeahidi, wewe hukuahidi."

"Mbele ya Bi Shamsa? Unataka Sur nzima ijue?"

"Akishaondoka, basi."

"Safa, ndizi moja haiui mtu. Leo Ijumaa, kesho Jumamosi, keshokutwa yuko kwenye mashine. Vumilia."

"Umesikia aliloniita?"

Wadhah alikuwa amelisikia. Ukuta wa majlisi ulikuwa mwembamba. Akasema, "Mama mtu mzima," akarudi kwa wanaume.

* * *

Bi Shamsa aliondoka jioni, na Tamima akaliteka jiko. Kwa siku mbili hizi, alisema, mama yangu atakula kwa mkono wangu. Alilikuta sufuria la mbatata za Safa zinachemka maji ya pili, akaonja moja, akaitema. "Hiki chakula cha mtu aliyekufa." Akamwaga zote. Akapika mchuzi wa tungule mzito, mbatata zikaivia humo humo bila ya tone kupotea, na Bi Kuruthum, ambaye kwa miezi alikuwa akilalamika kwamba Safa anampa yeye makapi na mchuzi anaupa mtaro, alifuta sahani kwa mkate.

Safa aliingia na kutoka. Alipanga viatu vilivyokwisha kupangwa. Alimwuliza mama mkwe wake hali mara nne, na mara ya nne Tamima akamwambia, "Unamhesabia pumzi sasa?" Usiku mzima alijigeuza kitandani pembeni ya mume anayekoroma, akijiambia Jumapili, Jumapili, na hasira yake ilikuwa pande zote. Alimkasirikia Tamima kwa kupenda bila ya kuuliza. Alimkasirikia Bi Kuruthum kwa lile neno. Wazo moja lilimjia alilolionea haya: kwamba kama ameitwa mwana wa watu, basi na akae kama mwana wa watu, ayaache ya wenyewe kwa wenyewe.

Jumamosi saa tatu asubuhi Bi Kuruthum alitaka kuinua kikombe, kikombe hakikuinuka. Alikitazama kwa mshangao. Akajaribu kusimama, akarudi kukaa kwa kishindo.

"Miguu leo si yangu," alisema, akacheka. Ulimi ulikuwa mzito.

"Uchovu, Mama. Umekaa sana jana na wageni," Tamima alisema kutoka jikoni. Mashine ya kusagia ilikuwa ikinguruma. Alikuwa anasaga machungwa na tende, glasi kubwa, ya kumtia nguvu.

Safa alitoka mbio mpaka uani. Wadhah alikuwa akiosha gari lake, tayari kwa safari ya jioni ya Firq.

"Mama anaishiwa nguvu. Njoo umtazame."

Wadhah alikuja mpaka mlangoni, akamtazama mama yake, akaogopa. Na mtu mwoga akiogopa huangalia saa. "Labda tungoje kidogo. Kesho asubuhi si mbali."

Labda kama angesema jengine, Safa asingesema lake. Lakini alimwona amesimama pale na tambara linalodondosha maji, akamwona Tamima anatoka na ile glasi, akaona mkono wa Bi Kuruthum umelala juu ya goti kama si wake. Ahadi ilikuwa nzito, naye aliithamini kuliko watu walivyojua. Akaivunja.

"Wifi, weka glasi hiyo chini."

"Umeanza tena."

"Mama hana figo."

"Safa!" Bi Kuruthum alisema.

"Hana figo, tangu baridi. Goti lake zima. Kila Jumapili, Jumanne na Alkhamisi tunakwenda kusafishwa damu. Ndizi ile na chungwa ile na mchuzi, zote zinamwendea moyoni, hazina pengine pa kutokea mpaka kesho. Na kesho mimi naiona mbali."

Tamima alimgeukia mama yake, akingoja amwambie kwamba huu ni uzushi. Bi Kuruthum hakumtazama. Alikuwa akimtazama Safa, na hakuwa na hasira, jambo lililomuumiza Safa zaidi.

"Nilikuomba jambo moja tu," alimwambia. "Moja."

Tamima akapiga magoti. Akaupandisha mkono wa kanzu wa mama yake, akaona ule uvimbe na alama za sindano, juu yake nyengine mbichi za Alkhamisi. Akaushika mkono ule bila ya kuubana, akausogeza shavuni. Kilio kilikuwa hakijamtoka vizuri alipolisema lile neno ambalo Bi Kuruthum alikuwa amelikimbia miezi minane.

"Mimi ninazo mbili, Mama. Utachukua moja yangu."

"Haya," Bi Kuruthum alimwambia Safa. "Umemsikia?"

* * *

Hospitali hawakuuliza maswali mengi. Walimpima moyo, wakatazamana, wakamwingiza mbio kwenye mashine. Daktari mmoja alitoka baadaye akasema wamewahi. Wangengoja mpaka kesho, asingeahidi kitu. Wadhah alisikia hayo akaenda kukaa garini.

Safa na Tamima walibaki kwenye viti vya ukumbi wa kungojea, kiti kimoja kitupu katikati yao. Tamima alikuwa amefunua shela lake la juu, uso umevimba. Mikono yake bado ilinuka machungwa.

"Ungeniambia," alisema.

"Niliahidi."

"Ungeivunja."

"Nimeivunja."

Tamima hakuomba radhi. Alihamia kwenye kile kiti kitupu, akakaa, na hiyo ndiyo radhi aliyokuwa nayo siku ile. Halafu akainuka kwenda kwa daktari. Safa alimsikia kupitia mlango uliokuwa wazi: nipimeni mimi, leo, nina miaka thelathini na nne, sina sukari, sina presha, nimezaa watatu na wa mwisho keshaacha ziwa. Alizungumza kama mtu anayeuza kitu na anaogopa mnunuzi ataondoka.

Alasiri waliitwa ndani. Bi Kuruthum alikuwa amerudiwa na rangi. Alikuwa mdogo pale kitandani, mdogo kuliko alivyokuwa nyumbani, lakini vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya shuka. Tamima alisimama upande mmoja. Safa alisimama miguuni, hakujua kama ana haki ya kusogea. Tangu nyumbani mama mkwe wake hakumsemesha, wala garini alipomwegemeza kichwa, wala mlangoni alipomvua pete.

Muuguzi wa zamu hakuwa yule wa siku zote. Alikuwa kijana wa kike, mgeni kwao, ameshika karatasi juu ya ubao. Alizungumza Kiarabu cha mtu aliyekisomea.

"Mama, daktari ameniambia binti yako anataka kupimwa akupe figo. Naandika jina kwanza. Binti yako ni yupi?"

"Mimi," Tamima alisema.

"Namwuliza mgonjwa, dada. Ndiyo utaratibu."

Bi Kuruthum alifumba macho, akayafumbua. Akanyosha mkono usio na sindano kuelekea miguuni mwa kitanda, akauacha hewani mpaka Safa akaja akaushika. Alimshika kwa nguvu ambayo asubuhi hakuwa nayo.

"Binti yangu ni huyu," alisema.

"Mama!" Tamima alilia.

"Yule mgeni wangu." Hakugeuza hata kichwa. "Katoka Sur, kaja kunijulia hali. Usiandike jina lake popote. Mpe kiti akae."

Tamima alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Mama yake alikuwa amemkana mbele ya watu, na hakuna siku aliyompenda zaidi ya hiyo, na wote watatu walilijua hilo. Safa naye alisimama akiwa ameshikwa mkono. Mwaka wa tisa huu alikuwa akilingoja neno lile, na sasa alikuwa amepewa kwa ajili ya kumfungia mwengine mlango. Hata hivyo alilifurahia. Akaona haya, akazidi kulifurahia.

Muuguzi alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akaamua kumsadiki mgonjwa. Akamwuliza Safa jina lake, akaliandika, akaigeuza karatasi upande wake.

"Sawa. Kundi lako la damu, dada?"

Bi Kuruthum akashtuka, maana hapo hakupafikiria. "Na huyu pia usimwulize!" alisema, akijaribu kuinuka kwa kiwiko. "Huyu pia hapana, sikilizeni!"

Lakini Safa alikuwa ameshalitaja.